Barua ya wazi kwa wakuu wa afya wa visiwani: tumbo la chini la mwanamke halingoji maji kujaa

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia zahanati, vituo vya afya na hospitali zinazohudumia visiwa vya Lamu,

Assalaam aleikum. Na kwa wale walionizidi umri, shikamooni.

YAH: KUCHELEWESHWA KWA MATIBABU YA WANAWAKE WENYE UVIMBE WA GHAFLA WA MIRIJA YA UZAZI NA OVARI

Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii katika visiwa vilivyo kaskazini ya Amu, yaani mji wa Lamu wenyewe. Nazunguka nyumba kwa nyumba na mkoba wangu wa kazi, napima presha, nauliza habari za wajawazito na watoto, na nyumba nyingi ninazoingia naambiwa mambo ambayo hayasemwi mbele ya mtu mwingine.

Naandika hadharani kwa kuwa njia za faragha nimezimaliza. Nilianza kwa kuzungumza na mhudumu mwenyewe, pembeni na kwa heshima. Nikalipeleka jambo kwenye kamati ya zahanati, kamati ikasema hilo ni la wakubwa. Nikaandika barua ofisini, ikapokelewa na kupigwa muhuri, na nakala yenye muhuri ninayo nyumbani. Nilipoenda kuulizia niliambiwa, "Tunalishughulikia." Wanawake wameendelea kuugua huku likishughulikiwa.

Sitataja zahanati yoyote wala jina la mtu. Wahudumu wetu wengi wanajitolea kuliko mshahara wanaolipwa. Yuko muuguzi anayekaa peke yake kituoni, mchana anachanja watoto na usiku anazalisha. Malalamiko yangu ni juu ya utaratibu mzima, na utaratibu huo uko mikononi mwenu.

Ugonjwa ninaouzungumzia hospitalini wanauita PID, kifupi cha Kiingereza cha maambukizi ya viungo vya uzazi vya ndani. Huku kwetu mwanamke atakwambia ana chango, au tumbo la chini linamkata, au kiuno kimemshika. Vijidudu hupanda kutoka ukeni na kwenye shingo ya kizazi, vikapita ndani ya mfuko wa uzazi mpaka kwenye mirija miwili, na mara nyingine vikafika hata kwenye ovari, vile vifuko vya mayai. Wengi wanavijua vya klamidia na kisonono, lakini si hivyo pekee. Viko pia vijidudu vinavyoishi ukeni siku zote, ambavyo hupata njia ya kupanda mwanamke anapojifungua, mimba inapoharibika, au katika wiki tatu za kwanza baada ya kuwekewa koili. Dalili zake mnazijua: maumivu chini ya kitovu, pengine upande mmoja na pengine pande zote mbili, maumivu wakati wa tendo la ndoa, majimaji yenye harufu, damu inayotoka nje ya siku za hedhi, homa, na mkojo unaochoma. Wengine huumwa kidogo tu, wakavumilia wakidhani ni hedhi.

Lililonifanya nishike kalamu ni muda. Mrija wa uzazi ni mwembamba mno, na ndani yake mna vinyweleo visivyoonekana kwa jicho ambavyo kazi yake ni kulisukuma yai kuelekea kwenye mfuko wa uzazi. Mrija ukivimba na kujaa usaha, vinyweleo vile hufa, kuta za mrija hushikana na kufanya kovu. Dawa huua vijidudu. Kovu hailiondoi. Wataalamu wa mji wa Lund, Sweden, walifuatilia wanawake waliougua ugonjwa huu tangu mwaka 1960 hadi 1984, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 1992 yanaeleza kwamba kati ya waliougua mara moja, 8 katika kila 100 mirija yao iliziba wasiweze kupata mimba. Waliougua mara mbili walikuwa karibu 20. Waliougua mara tatu au zaidi walikuwa 40. Mwaka uliofuata, 1993, ukachapishwa uchambuzi mwingine ulioonyesha kwamba wanawake waliochelewa kutibiwa walikuwa na hatari ya takriban mara 3 zaidi ya kukosa mimba au kupata mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Hao ni watu wa Sweden, wenye hospitali jirani na barabara hadi mlangoni. Sisi kati yetu na hospitali pana bahari.

Nitoe mfano mmoja, na mwenyewe ameniruhusu kuusema bila jina lake. Ni mama wa mtoto mmoja, hajafika miaka 25. Tumbo lilianza siku chache baada ya hedhi kukatika, na asubuhi yake akaenda zahanati. Aliulizwa maswali mawili matatu akiwa amesimama mlangoni, na nyuma yake benchi limejaa watu. Akasema tumbo linauma na mkojo unachoma. Kwenye kadi ikaandikwa ni maambukizi ya njia ya mkojo, akapewa amoksilini na panadoli kwenye bahasha ya kaki. Tumbo lake halikuguswa. Dawa zilipokwisha bila nafuu akarudi, akadungwa kidole, akaambiwa ana taifodi, akapewa dawa nyingine. Nilipopita kwake katika ziara zangu nilimkuta amejikunja juu ya mkeka, leso ameifunga tumboni kwa nguvu, na kipimajoto changu kikasoma 39.2.

Maji yalikuwa yamekupwa. Boti haikuweza kusogea, ikabidi abebwe kwenye matope hadi ilipoelea. Ilikuwa miezi ya Kusi. Alilazwa ndani ya boti juu ya magunia matupu, na kila tulipopiga wimbi alishika ukingo kwa mikono miwili na kuuma ncha ya buibui lake, asitoe sauti, kwa kuwa nahodha alikuwa mjomba wake. Hospitalini picha ya tumbo ikaonyesha usaha umejikusanya kwenye mrija na ovari. Alifanyiwa upasuaji, upande mmoja ukatolewa. Amepona, alhamdulillahi. Kuhusu upande uliobaki, daktari hakuweza kumwahidi kitu.

Siku ya kwanza alipokwenda zahanati ugonjwa huu ulikuwa wa kutibika kwa sindano moja na vidonge.

Haya ndiyo ninayoyalalamikia:

1. Mwanamke hapimwi. Kutambua ugonjwa huu hakuhitaji mashine. Mwongozo unaotumika ulimwenguni uko wazi: mwanamke aliye katika umri wa kukutana na mume, anaumwa tumbo la chini na hakuna sababu nyingine iliyopatikana, akipimwa kwa mkono na kuonekana ana uchungu shingo ya kizazi inapotikiswa, au kwenye mfuko wa uzazi, au pembeni kwenye mirija na ovari, basi moja tu kati ya hayo matatu linatosha kumuanzishia dawa siku hiyo hiyo. Kinachohitajika ni mkono wenye glavu, taa, kitanda na chumba cha siri.

Chumba hicho ndicho kisichokuwapo. Katika zahanati ninayoijua zaidi, kitanda cha kupimia kimezungukwa na makasha ya vyandarua, na dirisha lililo juu yake, ambalo kioo chake kilivunjika zamani, linatazama benchi la wanaosubiri. Wanawake wamejifunza kuja na leso ya pili. Ya kwanza anajifunika, ya pili anaitundika dirishani mwenyewe, kwenye misumari miwili ambayo sijui ni nani aliyeipigilia. Asiye na leso ya pili husema, "Leo nipe dawa tu." Naye mhudumu, kwa kumwonea huruma au kwa kuchoka, humpa dawa tu.

2. Kila tumbo ni mkojo au taifodi. Kipimo cha taifodi kinachotumika sana kwenye vituo vyetu kinaweza kuonyesha alama za ugonjwa uliopita zamani, au za maambukizi mengine kabisa. Nimewaona wanawake walioandikiwa taifodi mara kadhaa kwa mwaka na hakuna aliyewahi kuwauliza juu ya hedhi yao. Siku zinazopotea kwenye dawa zisizokuwa zake ndizo siku mrija unapopata kovu.

3. Dawa hazitoshi, na zinatolewa nusu. Mgonjwa ambaye hajazidiwa hutibiwa akiwa nyumbani kwa dawa tatu pamoja: sindano ya seftriaksoni mara moja, kisha vidonge vya doksisaiklini mara mbili kwa siku kwa siku 14, na metronidazoli, ile tunayoiita Flagyl, nayo kwa siku 14. Ziko tatu kwa sababu vijidudu ni vya aina nyingi na dawa moja haivifikii vyote. Amoksilini peke yake haitibu ugonjwa huu. Kinachotokea huku ni kwamba sindano haipo, au doksisaiklini ipo ya siku tano, mwanamke akaambiwa nyingine akanunue Amu. Nauli ya boti kwenda na kurudi inazidi bei ya vidonge vyenyewe. Basi anameza za siku tano, maumivu yanapungua, anadhani amepona.

Niongeze na la Ramadhani, kwa kuwa linarudi kila mwaka. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, lakini wanawake wengi hukataa kufungua, wakaacha dawa. Dawa inayomezwa mara mbili kwa siku inaingia vizuri kwenye futari na daku. Anachotakiwa kuambiwa ni aimeze doksisaiklini kwa maji ya kutosha na asirudi kulala papo hapo baada ya daku, kwa kuwa inaweza kumchoma koo la chakula. Ni maneno ya nusu dakika. Nimewauliza wanawake wengi niliowatembelea, na sijampata aliyeambiwa hivyo alipokuwa akikabidhiwa dawa zake.

4. Kipimo cha mimba kinarukwa. Mwanamke mwenye maumivu ya tumbo la chini anaweza kuwa na mimba iliyotunga kwenye mrija, na hiyo ikipasuka inaweza kuua kwa saa chache. Tena aliyewahi kuugua mirija ndiye aliye kwenye hatari zaidi. Kile kijiti cha kupimia mkojo ni cha bei ndogo sana. Kisikosekane hata siku moja, na asipewe mtu doksisaiklini kabla ya kukitumia.

5. Waume hawatibiwi. Hili naliona kubwa kuliko yote, na ndilo linaloongelewa kidogo kuliko yote. Mume wa mgonjwa, na yeyote aliyekutana naye katika siku 60 kabla ya dalili kuanza, anatakiwa kutibiwa hata kama hajisikii vibaya, kwa kuwa wanaume wengi wenye klamidia hawana dalili hata moja. Mwanamke akitibiwa peke yake akarudi kwenye kitanda kile kile, ugonjwa unarudi, na hesabu ya Lund inaanza kupanda kutoka 8 kwenda 20 na kwenda 40.

Kwetu mke anapewa kikaratasi, anaambiwa, "Mwambie mumeo aje." Amwambie vipi? Mume ni mvuvi, yuko dago, kambi ya wavuvi, siku kadhaa, au anafanya kazi Mombasa na huja mara moja kwa miezi miwili. Akija, zahanati ameifungua muuguzi wa kike siku ya kliniki ya watoto, benchi zima ni wanawake wanaomjua yeye na mama yake. Hatoingia. Na mke aliyethubutu kumpa kile kikaratasi ameshaulizwa, "Ugonjwa huu umeutoa wapi?" Nimesuluhisha nyumba zilizofikia kuzungumzia talaka kwa sababu ya kikaratasi kisicho na maelezo. Kisha mwanamke huyo asipopata mtoto ataitwa tasa, mume ataoa mwingine, na yule mwingine naye ataanza kuumwa tumbo. Jambo hili nimeliona kwa macho yangu, kwa wake wawili wa mtu mmoja.

6. Hakuna anayemwangalia mgonjwa tena siku ya tatu. Aliyeanza vidonge anapaswa kuonekana tena ndani ya saa 72. Kama homa na maumivu hayajapungua, anatakiwa alazwe na apewe dawa za mshipa, achunguzwe kama pana usaha, au kama kumbe ni kidole tumbo. Anayeishi Ndau au Kiwayu hawezi kupanda boti kwenda kuambiwa "unaendelea vizuri". Lakini sisi wahamasishaji tuko mlangoni pake. Kipimajoto tunacho, simu tunayo. Hatujawahi kuambiwa tufanye kazi hii, wala hatupewi orodha ya wa kufuatilia.

7. Boti. Mjamzito, mtu anayetapika hata vidonge havikai, mwenye homa kali au aliyezidiwa, mtu ambaye haijajulikana kama ni mirija au ni kidole tumbo, hao wote ni wa kulazwa hospitali. Boti ya wagonjwa ikiwa haina mafuta, familia hukodi. Wasiokuwa na pesa husubiri boti ya abiria, nayo husubiri maji na abiria wajae. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya huduma bora za afya ikiwemo afya ya uzazi, na inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Haikusema isipokuwa maji yakikupwa.

Waheshimiwa, najua majibu yatakayotolewa, maana mengine nimeshayasikia.

Mtasema hakuna maabara. Nimeshaeleza kwamba matibabu huanza kwa dalili na kwa mkono wa mhudumu, hayangoji majibu. Na hata hivyo, mashine ya GeneXpert, ambayo hospitali zetu huitumia kupima kifua kikuu, ina kasha lake maalumu la kupima klamidia na kisonono. Pale ilipo mashine, mnachohitaji ni kuagiza kasha.

Mtasema wanawake wenyewe huchelewa, huanza kwa kukandwa, kunywa mizizi na kwenda kwa waganga. Wapo, nami sitawatetea kwa uongo. Lakini yule niliyemtaja alikwenda zahanati siku ya pili ya maumivu. Na wengi wanaoanzia kwa bibi mkandaji wananiambia sababu moja: kwa bibi kuna mlango unaofungwa, na bibi anasikiliza. Mwanamke wa huku hakatai kupimwa. Anakataa kupimwa mbele za watu, au na kijana wa kiume ambaye kesho watakutana kwenye harusi. Haya yake ni sehemu ya adabu aliyolelewa nayo, na huduma inayomtaka aivue kwanza hataitumia.

Kuna aliyeniambia kwamba nikiandika haya nitawafedhehesha wanawake wa visiwani, watu waseme ni ugonjwa wa zinaa. Namjibu hapa mbele ya wote. Wako waliougua baada ya kujifungua. Wako waliougua baada ya mimba kuharibika na hakuna aliyewaangalia tena. Wako wake waliotulia majumbani mwao na ugonjwa ukaletwa na safari za mtu mwingine. Hata yule ambaye mnadhani aliutafuta mwenyewe, kazi ya zahanati ni kumtibu, hukumu ina Mwenyewe.

Mtasema bajeti. Doksisaiklini na metronidazoli ni dawa za zamani, za bei nafuu, na zimo kwenye orodha za dawa muhimu. Huduma katika zahanati na vituo vya afya zinatakiwa kulipiwa na hazina ya afya ya msingi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2023, na sheria nyingine ya mwaka huo huo inaruhusu vituo vya umma kubaki na mapato yao na kuyatumia. Linganisheni na gharama ya mafuta ya boti, upasuaji, siku za kitandani, na baadaye safari za Mombasa kwenda kupigwa picha ya mirija, ambazo familia huzilipia kwa kuuza dhahabu ya bibi arusi.

Kwa hiyo naomba, tena naomba kwa majina ya vitu:

Kwanza, kila zahanati ya visiwani iwe na chumba kimoja chenye mlango unaofungwa kwa komeo, pazia, taa na glavu. Hili halingoji mwaka mpya wa fedha. Fundi wa kijijini na mita chache za kitambaa wanalimaliza.

Pili, mpeleke boti yenye mkufunzi, mzunguke vituo vyote, mhudumu mmoja mmoja afundishwe kupima na kutibu tumbo la chini la mwanamke, mwongozo ubandikwe ukutani. Na popote panapowezekana pawe na mhudumu wa kike, au angalau siku zake zijulikane.

Tatu, dawa tatu zifungwe pamoja kama mfuko mmoja wa siku 14 ulio kamili, na kila mfuko wa mke ufuatane na dawa za mume na karatasi ya maelezo kwa Kiswahili kinachosomeka. Karatasi hiyo iseme wazi kwamba ugonjwa una sababu nyingi, kwamba kutibiwa kwa wawili si kumshtaki mmoja, na kwamba wajizuie kukutana mpaka wote wamalize dawa. Na jioni moja kwa wiki, baada ya Isha, zahanati ifunguliwe kwa wanaume tu. Nimewauliza wavuvi, wamesema watakuja.

Nne, mtupe sisi wahamasishaji kazi ya siku ya tatu. Orodha, muda wa maongezi wa simu, na nambari ya mtu atakayepokea tukisema, "Huyu homa haijashuka." Katika orodha hiyo waingie pia waliojifungua, walioharibikiwa na mimba na waliowekewa koili hivi karibuni.

Tano, akiba ya mafuta ya boti ya wagonjwa iwekwe visiwani, isikae Amu peke yake, na iandikwe ubaoni inapoongezwa na inapotumika ili kila mtu aione.

La mwisho ni taarifa. Chini ya kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, naomba nipewe kwa maandishi, kwa kila zahanati ya visiwani katika mwaka uliopita: ni miezi gani seftriaksoni, doksisaiklini, metronidazoli na vijiti vya kupimia mimba vilikosekana, na ni wagonjwa wangapi wa tumbo la chini waliosafirishwa kwenda kulazwa. Sheria inawapa siku 21 za kujibu. Siku hizo zinaanza leo, na barua hii imepelekwa kwa mkono pia, ikapigwa muhuri.

Kama kuna yeyote kati yenu anayetaka kuona kabla ya kujibu, aje siku ya kliniki, asitangulize simu. Nitampokea gatini, tutembee pamoja hadi zahanati, akae kwenye benchi lile na atazame dirisha.

Wasalaam,

Mhamasishaji wa afya ya jamii,
visiwa vya kaskazini, Lamu.

Nakala: kamati za zahanati za visiwani, wawakilishi wa wadi zetu, maimamu na viongozi wa vikundi vya kina mama, wahamasishaji wenzangu wote.